James Holman

James Holman (Exeter, Uingereza, 15 Oktoba 1786 – London, 29 Julai 1857) alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, msafiri na mwandishi wa vitabu vya safari. Alipoteza kabisa uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 25. Baada ya hapo alitembelea nchi nyingi za Ulaya, Afrika, Asia, Amerika na Australia, mara nyingi bila mwenzi wala mtumishi. Katika uhai wake watu wa Uingereza walimfahamu kwa jina la Msafiri Kipofu.

Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni umbali aliosafiri. Inakadiriwa kwamba safari zake zote zilifikia takriban kilomita 400,000, na sehemu kubwa alisafiri kwa merikebu za tanga, magari ya farasi, mgongo wa farasi au kwa miguu. La pili ni namna alivyotambua vizuizi njiani. Alitumia fimbo yenye ncha ya chuma, akaigonga chini na kusikiliza mwangwi wake. Kanuni hiyo ya kutuma sauti na kusoma inavyorudi ndiyo inayotumika leo katika fimbo nyingi za kielektroniki za wasioona.

Utoto na jeshi la majini

Holman alizaliwa katika mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa muuza dawa mjini humo. Familia haikuwa ya kitajiri, lakini iliweza kuwatafutia watoto nafasi za kazi zenye heshima.

Mwaka 1798, akiwa na umri wa miaka 12, James aliingia katika jeshi la majini. Wakati ule lilikuwa jambo la kawaida kwa wavulana wa umri huo kupelekwa melini wakajifunze kazi ya uofisa. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na meli za kivita zilihitaji watu wengi. Mwaka 1807 Holman alipandishwa cheo na kuwa luteni.

Miaka mingi ya utumishi wake aliitumia katika Atlantiki ya kaskazini, karibu na pwani za Amerika. Kazi ya zamu juu ya sitaha, katika baridi kali na nguo zilizolowa, iliharibu afya ya mabaharia wengi. Mwaka 1810, alipokuwa katika meli ya Guerriere, Holman alishikwa na maumivu makali ya viungo hata akashindwa kusimama vizuri. Alirudishwa nyumbani kwa matibabu.

Kupoteza uwezo wa kuona

Maradhi hayakuishia kwenye viungo. Baada ya muda yaliingia machoni, na madaktari wa wakati ule hawakuweza kuyazuia. Alipofikia umri wa miaka 25 Holman alikuwa haoni kabisa. Maumivu ya miguu pia hayakumwacha, yalikuja na kuondoka hadi uzeeni.

Katika Uingereza ya wakati huo mtu asiyeona alikuwa na njia chache za kujipatia riziki. Wengi waliishi kwa kuomba barabarani au kwa kutegemea ndugu. Shule za kwanza za wasioona zilikuwa zimeanzishwa miaka michache tu nyuma, na zilifundisha hasa kazi za mikono kama kusuka vikapu na mikeka. Baadhi ya wasioona walifungwa kitambaa machoni ili wasiwaogofye wengine. Ofisa kijana aliyetarajia siku moja kuongoza meli alijikuta katika kundi hilo.

Kwa kuwa alipata maradhi yake akiwa kazini, Holman aliombewa nafasi katika taasisi ya Naval Knights of Windsor, naye akaipata mwaka 1812. Taasisi hiyo iliwekwa kwa wosia wa tajiri mmoja ili kuwatunza maluteni saba wa majini wasiojiweza. Kila mmoja alipewa makao katika eneo la kasri la Windsor pamoja na posho. Masharti yake yalikuwa kwamba wasiwe na mke, na wahudhurie ibada kanisani kila siku.

Hivyo Holman alipata chakula na malazi ya uhakika kwa maisha yake yote. Lakini utulivu huo ulimletea tatizo. Afya yake ilizorota kila alipokaa Windsor kwa muda mrefu, na ikawa bora kila alipoondoka. Aliomba ruhusa ya kwenda Edinburgh, Uskoti, ambako alihudhuria masomo ya chuo kikuu katika tiba na fasihi. Kwa kuwa hakuweza kusoma vitabu wala kuandika maelezo darasani, alitegemea kusikiliza na kukumbuka. Baadaye aliomba ruhusa nyingine, safari hii ya kwenda ng'ambo, kwa sababu ya afya. Kuanzia hapo maisha yake yote yalikuwa mvutano kati ya ruhusa na safari.

Fimbo na mwangwi

Hakukuwa na mwalimu aliyemfundisha Holman kutembea bila kuona. Mafunzo ya namna hiyo yalikuwa hayajabuniwa. Alijifunza mwenyewe kwa kujaribu.

Fimbo aliyoichagua ilikuwa ya kawaida, kama ile iliyobebwa na waungwana wa wakati wake, ila ncha yake ilikuwa ya chuma. Haikuwa ndefu kiasi cha kugusa kila kitu kilicho mbele. Kazi yake kubwa ilikuwa kutoa mlio. Chuma kinapogonga jiwe au ardhi ngumu, mlio mkali na mfupi huenda pande zote, hukutana na ukuta, mti au gari, kisha hurudi sikioni. Msikilizaji aliyezoea hutambua kama mbele kuna kitu au pako wazi. Ukuta wa mawe hurudisha mlio kwa nguvu, kichaka huumeza, na mlango ulio wazi huacha pengo katika mwangwi. Alipopanda farasi, mlio wa kwato ulifanya kazi hiyohiyo.

Muda wa mwangwi ni mfupi sana. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa ukuta ulio umbali wa mita tano hurudi katika muda wa sekunde 0.03 hivi. Sikio la kawaida halitenganishi milio hiyo miwili, bali huisikia kama mlio mmoja uliobadilika. Kwa mazoezi, ubongo hujifunza kutafsiri badiliko hilo.

Wataalamu wa siku za Holman hawakuielewa kanuni hii. Mnamo miaka ya 1790 Lazzaro Spallanzani wa Italia alikuwa ameonyesha kwamba popo aliyezibwa macho huruka bila kugonga vitu, lakini aliyezibwa masikio hushindwa. Hata hivyo hakuna aliyejua sababu. Kuhusu binadamu, wengi waliamini kwamba wasioona huhisi vizuizi kwa ngozi ya uso. Jambo hilo lilithibitishwa kuwa kosa mwaka 1944 tu, wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipoonyesha kwa majaribio kwamba ni masikio yanayofanya kazi hiyo. Holman alikuwa ameitumia kwa miaka zaidi ya 40 kabla ya kufariki.

Kuandika bila kuona

Holman hakuweza kutumia maandishi ya nukta nundu, kwa sababu Louis Braille aliyatangaza mwaka 1829 na yalichelewa sana kufika Uingereza. Badala yake alitumia kifaa kilichobuniwa na Mwingereza Ralph Wedgwood mwanzoni mwa karne ya 19.

Kifaa hicho kilikuwa ubao wenye nyaya zilizopangwa kwa mlalo ili kuongoza mkono mstari kwa mstari. Chini yake iliwekwa karatasi yenye wino mkavu juu ya karatasi nyeupe. Mwandishi alitumia kijiti kigumu kisicho na wino, na maandishi yakajichapa chini. Hakuna wino uliomwagika wala kalamu iliyokauka bila mwandishi kujua. Kasoro yake ni kwamba mwandishi hakuweza kusoma alichoandika. Ilimlazimu kumwomba mtu mwingine amsomee, au kukumbuka sentensi nzima kabla ya kuendelea. Mwanahistoria Mmarekani William H. Prescott, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alitumia kifaa cha aina hiyohiyo.

Kwa njia hiyo Holman aliandika shajara za safari zake zote, kisha akazigeuza kuwa vitabu.

Safari ya kwanza: Ufaransa na Italia

Mwaka 1819 Holman aliingia Ufaransa peke yake. Hakujua Kifaransa, na alikuwa na fedha kidogo. Alipanda magari ya abiria pamoja na watu wa kawaida na kujifunza lugha kwa kusikiliza mazungumzo yao. Alipochoka kukaa, aliomba kamba ifungwe kwenye gari, akaishika na kutembea au kukimbia nyuma yake kwa kilomita kadhaa. Abiria wengine walishangaa, lakini yeye aliona kwamba mazoezi hayo yalipunguza maumivu ya miguu.

Kutoka Ufaransa alikwenda Italia, Uswisi, sehemu za Ujerumani kando ya mto Rhine, Ubelgiji na Uholanzi. Sehemu ya njia alifuatana na rafiki yake wa zamani aliyekuwa kiziwi. Mmoja aliona asiyoyaona mwenzake, na mwingine alisikia asiyoyasikia mwenzake, hivyo wakasaidiana.

Karibu na Napoli alipanda mlima Vesuvius, volkeno iliyokuwa ikitoa moto wakati huo. Wenyeji walimtahadharisha, lakini alifika karibu na kinywa cha mlima, ambako alihisi joto chini ya miguu na kusikia ngurumo kutoka ndani.

Alirudi nyumbani mwaka 1821, na mwaka 1822 kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa London. Wasomaji walikipokea vizuri, na mapato yake yalimsaidia kupanga safari kubwa zaidi.

Urusi na Siberia

Mwaka 1822 Holman aliondoka tena, sasa kuelekea Urusi. Mpango wake wote hakuwaambia hata rafiki zake, maana alijua wangemzuia. Alitaka kuvuka Urusi na Siberia hadi bahari ya Pasifiki, apate meli huko, na kuizunguka dunia nzima.

Alikaa Saint Petersburg na Moscow, kisha akaanza safari ya mashariki kwa gari la farasi lisilo na springi, katika barabara za matope na magogo. Siberia ilikuwa nchi ambayo serikali ya Urusi iliwapeleka wafungwa wake, na wageni walikuwa wachache. Holman alipita miji kadhaa na kufika Irkutsk, karibu na ziwa Baikal, baada ya maelfu ya kilomita. Gavana na maofisa wa mji walimpokea kwa heshima, naye akakaa kwa miezi kadhaa akisubiri nafasi ya kuendelea.

Nafasi hiyo haikupatikana. Ofisa mjumbe wa kaisari Aleksanda I alifika kutoka makao makuu na amri ya kumrudisha. Serikali ilimshuku kuwa ni mpelelezi. Kwa macho ya maofisa wa Urusi haikuingia akilini kwamba mtu asiyeona angekwenda mbali namna ile kwa kupenda kusafiri tu. Ama alikuwa na kazi ya siri, ama alijifanya haoni. Katikati ya majira ya baridi alisafirishwa kwa kasi katika kigari cha theluji, chini ya ulinzi, hadi mpaka wa Poland, akaachwa huko. Alirudi Uingereza kupitia Austria na nchi za Ujerumani.

Kitabu chake kuhusu Urusi na Siberia kilitoka mwaka 1825. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Ilikuwa heshima kubwa kwa luteni aliyeishi kwa posho.

Afrika na safari ya kuzunguka dunia

Mwaka 1827 Holman alipanda meli ya kivita Eden, chini ya nahodha William Fitzwilliam Owen. Jina la Owen linafahamika katika historia ya Afrika Mashariki. Ndiye aliyepima na kuchora ramani za pwani yetu kati ya mwaka 1822 na 1826, na mwaka 1824 aliikubalia Mombasa ya akina Mazrui kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, mpango uliofutwa na serikali yake mwaka 1826. Luteni Reitz, aliyeachwa na Owen kuiangalia Mombasa, alifariki baada ya muda mfupi, na bandari ya Port Reitz ina jina lake hadi leo.

Safari hii Owen alikuwa akienda kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo huitwa Bioko na ni sehemu ya Guinea ya Ikweta. Uingereza ilitaka kuweka huko kituo cha kupambana na biashara ya watumwa, kwa kuwa kisiwa kilikuwa karibu na midomo ya mito ambako watumwa walipakiwa melini. Holman alishuhudia ujenzi wa mji wa Clarence, ambao sasa ni Malabo, alikutana na wenyeji wa kisiwa, na alikuwepo meli za watumwa zilipokamatwa. Mto mmoja wa kisiwa hicho ulipewa jina lake.

Kituo hicho kiligharimu maisha ya watu wengi. Sehemu kubwa ya mabaharia wa Eden walikufa kwa homa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu, jambo lililogunduliwa na Ronald Ross mwaka 1897 tu. Holman naye aliugua, lakini alipona na kuondoka kisiwani kwenda Brazil.

Kutoka Brazil, ambako alitembelea machimbo ya dhahabu, alivuka Atlantiki hadi rasi ya Afrika Kusini. Huko alisafiri bara kwa farasi, akijifunza kumwongoza mnyama kwa sauti na kwa kusikiliza wenzake waliotangulia. Alipita visiwa vya Bahari ya Hindi, akafika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na kushiriki msafara wa kuwinda tembo. Baadaye alikwenda India, China na Australia, kisha akarudi nyumbani mwaka 1832 baada ya miaka mitano. Lengo alilozuiwa kulifikia Siberia alikuwa amelitimiza kwa njia ya bahari.

Maelezo ya safari hiyo yalijaza vitabu vinne vilivyochapishwa mwaka 1834 na 1835. Charles Darwin alikitaja kitabu cha Holman katika maandishi yake kuhusu visiwa vya Keeling, alipozungumzia mbegu na mimea iliyoletwa ufukweni na mawimbi.

Namna alivyofanya kazi

Holman alipofika mji mpya aliutembea kwa miguu, fimbo mkononi, hadi akazijua njia zake. Alipima vyumba kwa hatua. Aliomba kushika vitu kwa mikono: nguo, silaha, nafaka, mawe, sanamu. Sauti ya mtu ilimwambia mengi kuhusu umri, hali na nia yake. Aliuliza maswali kwa watu wengi tofauti, akalinganisha majibu, na kuandika bei za vyakula, desturi za harusi, hali ya magereza na kazi za mafundi.

Hakuficha kwamba hakuona. Pia hakupenda kuhurumiwa. Waliokutana naye walishangaa kuona anageuza uso kwa anayezungumza na kutembea bila kusitasita, hata wengine wakasahau hali yake.

Waliomtilia shaka

Sifa zake hazikukubaliwa na wote. Mpinzani wake mashuhuri alikuwa John Dundas Cochrane, ofisa mwingine wa majini aliyevuka Siberia kwa miguu kabla yake. Cochrane alidharau wazo la mtu asiyeona kuandika kuhusu nchi asizoziona. Wahakiki wengine walifuata msimamo huo. Walisema Holman aliandika tu aliyosimuliwa.

Jibu la Holman katika vitabu vyake lilikuwa kwamba msafiri anayeona naye hupita njiani kwa haraka, hutazama sura ya nje ya mambo, na mara nyingi huandika aliyosimuliwa. Asiyeona hawezi kuridhika na sura ya nje. Analazimika kuuliza zaidi, kukaa zaidi na kuchunguza zaidi kabla ya kuamini.

Hata hivyo hoja ya wapinzani iliathiri jina lake. Kadiri miaka ilivyopita, wasomaji walianza kumwona kama kioja kuliko mwandishi wa kutegemewa. Vitabu vyake viliacha kuchapishwa. Wasimamizi wa Windsor nao walichoshwa na maombi yake ya ruhusa, wakiona kwamba mtu anayeweza kuzunguka dunia hawezi kudai ni mgonjwa.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1840 Holman alisafiri tena, akapita Hispania, Ureno, nchi za Bahari ya Mediteranea, Syria, Uturuki na sehemu za Ulaya ya mashariki kama Montenegro na Moldavia. Baada ya hapo alikaa London, akifanya kazi ya kuandika maisha yake yote katika kitabu kimoja.

Alimaliza mswada huo mwaka 1857. Siku chache baadaye, tarehe 29 Julai, alifariki akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London. Mswada haukuchapishwa kamwe, na inaaminika umepotea. Kwa hiyo mengi kuhusu safari zake za mwisho hayajulikani. Jina lake lilisahaulika kwa karne nzima na zaidi, hadi mwandishi Mmarekani Jason Roberts alipochapisha kitabu kuhusu maisha yake mwaka 2006.

Kutoka ncha ya chuma hadi fimbo ya kielektroniki

Holman hakuacha chombo chenye jina lake wala shule ya kufundisha njia yake. Hata hivyo historia ya fimbo ya wasioona iliyofuata inarudi katika mambo mawili aliyoyatumia, yaani kugusa na kusikiliza mwangwi.

Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva waione. Mwaka 1931 Guilly d'Herbemont alisambaza fimbo nyeupe mjini Paris. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Richard Hoover wa Marekani alibuni fimbo ndefu nyepesi na mafunzo ya kuipeleka kushoto na kulia mbele ya miguu, ili kuwasaidia askari waliopofuka vitani. Njia hiyo ndiyo inayofundishwa katika nchi nyingi hadi sasa, Tanzania ikiwemo.

Fimbo ndefu hugundua jiwe, ngazi au mtaro. Haigundui kilicho juu ya kiuno. Tawi la mti, kibao cha duka, waya uliolegea au bodi ya lori lililoegeshwa pembeni mwa barabara humgonga mtu kifuani au usoni wakati fimbo imepita chini salama. Katika mitaa ya Dar es Salaam kama ya Kipawa, Temeke na Kinondoni, ambako njia za miguu hugawanywa na meza za biashara, bodaboda na magari, hatari hiyo ni ya kila siku.

Katika miaka ya 1960 mhandisi Leslie Kay alitengeneza nchini Uingereza kifaa cha mkononi kilichotuma mawimbi ya sauti za juu mno, zisizosikika kwa sikio la binadamu, na kugeuza mwangwi wake kuwa sauti inayosikika. Marekani ilitengenezwa fimbo iliyotumia miale ya leza. Baadaye zilifuata fimbo kama UltraCane ya Uingereza, iliyobuniwa kwa kuiga popo, na SmartCane iliyobuniwa katika taasisi ya teknolojia ya Delhi, India, na kuanza kuuzwa mwaka 2014 kwa lengo la kupunguza bei.

Fimbo hizo hufanya kazi kwa namna inayofanana. Kifaa kidogo katika mpini hutuma mawimbi yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Mawimbi yakigonga kitu hurudi, na kompyuta ndogo hupima muda uliopita ili kujua umbali. Mpini hutetemeka mkononi mwa mtumiaji, na mtetemo hubadilika kadiri kitu kinavyokaribia. Mtumiaji hupata habari ya tawi au lori mita chache kabla ya kulifikia.

Vifaa hivyo vina mipaka. Vinahitaji betri na umeme wa kuchaji, huharibika kwa maji na vumbi, na bei yake bado ni kubwa kwa watumiaji wengi wa Afrika. Havitambui vizuri shimo lililo wazi, hivyo kugusa kwa ncha bado ni lazima. Pia kifaa bila mafunzo hakisaidii sana.

Urithi

Tarehe 15 Oktoba, siku aliyozaliwa Holman, huadhimishwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, kuwa Siku ya Fimbo Nyeupe. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa ajili yake. Ilitangazwa Marekani mwaka 1964, na kulingana kwake na siku ya kuzaliwa kwa Holman ni kwa bahati tu. Mwaka 2017 taasisi ya LightHouse ya San Francisco ilianzisha Tuzo ya Holman, inayotolewa kwa watu wasioona wenye mipango ya safari au kazi zinazohitaji ujasiri.

Sheria za leo zinatambua jambo ambalo Holman alilazimika kuliomba kwa ruhusa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja haki ya mtu kwenda atakako kwa kujitegemea na kupata vifaa vya kumsaidia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2010.